Ringi kubwa juu ya tairi kuukuu: hesabu isiyolipa

Mwenye gari dogo la biashara anayepeleka gari lake gereji kubadili matairi hurudi mara nyingi na pendekezo moja: aachane na ringi za chuma za inchi 13 zilizokuja na gari, apande hadi inchi 15 au 16 za aloi. Gari litapendeza, hilo halina ubishi. Swali la kibiashara ni jingine: nani analipa gharama hiyo, na fedha yake inarudi kwa njia gani?

Kwa magari mengi yanayofanya kazi ya teksi na ya kusambaza bidhaa mijini, jibu ni kwamba mwenye gari ndiye anayelipa, na fedha hairudi. Kibaya zaidi ni kwamba ringi hula fedha iliyotengwa kwa ajili ya mpira mpya. Matokeo yake gari hutoka gereji likiwa na ringi zinazong'aa zilizovishwa matairi yaliyokwisha kutumika kwenye gari la mtu mwingine. Hapo ndipo mtaji mdogo wa wengi unapopotea, na wakati mwingine maisha ya abiria pia.

SOKO LILIVYO

Tairi katika Afrika Mashariki limekuwa bidhaa ya dola. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2016 kampuni ya Sameer Africa ilifunga kiwanda chake cha Nairobi, ikageukia matairi yanayotengenezwa nje. Tangu hapo mwenye gari dogo wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa ananunua mpira uliovuka bahari, na bei yake inafuata thamani ya shilingi, nauli ya meli na ushuru wa bandarini.

Ringi za aloi nazo zina soko lake. Nyingi ni zile zilizovuliwa kwenye magari ya Japani, ambazo muuzaji anaweza kuzipaka rangi, kuzing'arisha na kuzipanga mbele ya duka. Ringi haina tarehe ya kuisha, haioneshi umri wake kwa macho, na mteja huinunua kwa kupenda sura. Tairi ni kinyume chake: linalala stoo huku linazeeka, na mteja analinunua kwa sababu amelazimika. Kwa hiyo si ajabu muuzaji akasukuma zaidi ringi kuliko tairi.

NAMBA ZINASEMAJE

Mnunuzi makini aanze na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Saizi iliyozoeleka kwa magari madogo ya Kijapani ya zamani ni 155/80R13. Maana yake ni upana wa milimita 155, ubavu wenye urefu wa asilimia 80 ya upana huo, na ringi ya inchi 13. Ukipiga hesabu, kimo chote cha tairi hilo ni milimita 578.

Kanuni ya kupandisha ringi ni moja: ringi ikikua, ubavu wa tairi upungue, ili kimo chote kibaki karibu na kile cha kiwandani. Tairi la 175/65R14 lina kimo cha milimita 583, na la 185/55R15 lina milimita 585 hivi. Tofauti haizidi asilimia 1 na kidogo, na gari haliwezi kulalamika kwa hilo.

Tatizo huanza pale fundi anapofunga saizi iliyopo dukani badala ya saizi inayotakiwa. Tairi la 195/65R15 hupatikana kwa urahisi kwa sababu huvaliwa na saluni nyingi za kati. Lakini kimo chake ni milimita 635, yaani karibu asilimia 10 zaidi ya lile la inchi 13. Likifungwa kwenye gari dogo, gari huinuka na huonekana la kifahari, kisha hasara zinafuatana.

Kwanza, mshale wa spidi unadanganya. Ukisoma 50, gari liko karibu na 55, na tochi ya trafiki haisomi mshale wa dereva. Pili, kilomita zinahesabiwa pungufu: gari likitembea kilomita 100,000 za kweli, saa inaonesha 91,000 hivi. Mwenye gari anayebadili oili kila saa inapoonesha kilomita 5,000 anakuwa amekwisha kutembea karibu 5,500. Tatu, injini ya lita 1 inabeba gia ndefu kuliko ile iliyopimiwa kiwandani, inachoka mlimani, na dereva anakanyaga mafuta zaidi kwenye foleni.

Kupanda vizuri nako kuna gharama yake. Ubavu wa 155/80R13 una milimita 124 za mpira kati ya ringi na lami. Ule wa 195/45R16, wenye kimo chote kinachokaribiana na cha kiwandani, una milimita 88 tu. Milimita 36 zilizoondoka ndizo zilizokuwa zikimeza shimo. Kwenye barabara yenye mashimo na matuta yasiyo na alama, kazi hiyo sasa inafanywa na ringi, shokapu, beringi na bolijointi. Ringi inapinda, tairi linatoa uvimbe ubavuni, na seti nzima ya chini ya gari inaanza kugonga mapema.

Ipo pia namba ya uzito, ambayo wanunuzi wengi huipita. Tairi la 155/80R13 lenye namba 79 linabeba kilo 437. Matairi membamba ya 165/50R15, yaliyobuniwa kwa magari madogo kabisa ya Japani, huwa na namba 73, sawa na kilo 365. Yakifungwa kwenye teksi yanaingia bila kugusa madigadi, fundi anasifu kazi yake, lakini kila gurudumu limepoteza kilo 72 za uwezo. Gari lenye abiria wanne na mizigo ya sokoni halina ruhusa ya kupoteza kilo hizo.

HESABU YA MWENYE GARI

Utaratibu wa teksi unajulikana: dereva analeta hesabu ya siku, mwenye gari anagharimia matairi na matengenezo makubwa. Dereva ana sababu yake ya kutaka ringi kubwa. "Bosi, abiria wanaangalia gari," ndiyo hoja inayotolewa, na haina uongo ndani yake. Ila hesabu ya siku haipandi kwa sababu ya ringi. Sifa anapata dereva, gharama anabeba bosi.

Uchukuliwe mfano wa kupigia hesabu tu, kila mmoja abadilishe kwa bei ya mji wake. Tairi jipya la inchi 13 liwe Sh 100,000 na la inchi 15 la ubavu mfupi liwe Sh 150,000. Seti ya ringi nne iwe Sh 600,000. Matairi yote yadumu kilomita 40,000, na gari litembee kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani kilomita 45,000.

Kwa inchi 13 mpira unagharimu Sh 10 kwa kilomita. Kwa inchi 15 unagharimu Sh 15. Tofauti ya Sh 5 kwa kilomita 45,000 ni Sh 225,000 kwa mwaka. Ukijumlisha ringi, mwaka wa kwanza umetoka na Sh 825,000 za ziada. Kama hesabu ya siku ni Sh 20,000, mwenye gari amefanya kazi siku 41 kulipia sura ya gari. Hata akifanikiwa baadaye kuuza ringi hizo kwa nusu ya bei, bado zimeondoka siku 26. Shokapu na mafuta hayajaguswa katika mfano huu.

Ni wachache wanaotoa fedha yote hiyo kwa mpigo. Mwenye bajeti ya Sh 700,000 akinunua ringi za Sh 600,000, amebakiwa na Sh 100,000 za matairi manne. Fedha hiyo haimpatii mpira mpya. Inampatia mtumba.

UMRI WA TAIRI

Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata ndefu na bado likawa limekufa. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa hata usipotembea. Unakauka, unapasuka nyufa nyembamba, na nyuzi za ndani zinaachana. Siku ya kusafiri, jua kali, upepo pungufu na gari limejaa, ndiyo siku linayochagua kupasuka.

Umri hauhitaji kubahatisha. Ubavuni, baada ya herufi DOT, zipo tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halistahili hata kuwa spea. Ukaguzi huo uanze na gari lenyewe linapotoka bandarini, maana magari mengi ya mtumba hushuka na matairi yaliyovaliwa Japani, na mnunuzi huyahesabu kuwa mazuri kwa kuangalia kashata peke yake.

PALE INAPOLIPA

Haitakuwa haki kusema kupandisha ringi ni upuuzi wakati wote. Watengenezaji wenyewe wamefanya hivyo kwa sababu za kazi. Gari dogo la Mini la Uingereza lilitoka mwaka 1959 na ringi za inchi 10, na mwaka 1984 likapandishwa hadi inchi 12 ili breki kubwa za diski zipate nafasi mbele. Ringi ilikua kwa sababu breki ilikua.

Kwa mfanyabiashara wa hapa, sababu za kweli ni tatu. Ya kwanza ni upatikanaji: magari mapya zaidi yanavaa inchi 14 na 15, kwa hiyo kupanda hatua moja hadi inchi 14 kunaweza kumpa mwenye gari matairi mengi zaidi ya kuchagua, na ubavu wa kutosha unabaki. Ya pili ni gari la kukodisha kwa harusi na sherehe, ambalo sura ni sehemu ya bidhaa. Ya tatu ni muuzaji wa magari anayetaka gari litoke yadi haraka. Huyo anauza ringi pamoja na gari, hazibebi mgongoni mwaka mzima.

Anayeamua kupanda apime mambo kabla ya kutoa fedha. Matundu manne yenye kipimo cha 4x100 yanapatikana kwenye magari madogo ya Toyota na ya Honda, lakini tundu la katikati si moja: Toyota ni milimita 54.1, Honda ni 56.1. Ringi ya Honda kwenye habu ya Toyota inaacha nafasi, inahitaji pete ya kujazia, vinginevyo usukani utatetemeka kwenye mwendo. Nati nazo hutofautiana, kwani ringi za kiwandani za Honda hukalia nati za mviringo na Toyota hutumia za pembe. Nati isiyokaa vizuri hulegea. Baada ya kufunga, usukani ukatwe hadi mwisho kulia na kushoto gari likiwa na watu ndani, ili ijulikane kama tairi linagusa madigadi.

Upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko cha mlangoni upande wa dereva. Hata kikiwa cha Kijapani, namba zinasomeka: 220 kPa ni sawa na 32 kwenye geji ya fundi. Kama saizi imebadilika, fundi anayejua kazi alinganishe na namba ya uzito ya tairi jipya, asijaze kwa mazoea.

USHAURI KWA SOKO

Kwa wenye maduka, akiba inayotembea ni ile ya saizi za kazi: inchi 13, 14 na 15 za ubavu wa kawaida. Matairi ya ubavu mfupi ya inchi 16 na 17 kwa magari madogo ni ya wateja wachache. Yakilala miaka mitatu stoo, tarehe ya DOT inayakata bei yenyewe, na mteja anayejua kusoma atauliza punguzo. Mwenye mtaji mdogo asifungie fedha yake humo. Muuzaji wa ringi naye ajue kwamba mteja aliyeuziwa ringi bila kuambiwa tairi gani linaingia atarudi, na hatarudi kununua.

Kwa mwekezaji mwenye gari moja au mawili barabarani, mpangilio wa matumizi uwe huu: kwanza mpira mpya wa saizi ya kibandiko, kisha balansi na alaimenti, kisha shokapu. Fedha ikibaki baada ya hapo, na mwenye gari akaona ana sababu, apande hatua moja, kimo kisibadilike, namba ya uzito isishuke, na ringi za zamani azitunze kwa siku ya kuuza gari.

Abiria anaweza kuvutwa na ringi akiwa bado nje ya gari. Akishaingia, kinachomfikisha anakokwenda ni mpira, na huo ndio unaostahili shilingi ya kwanza.