Jengo la Karakana Halichomelei Chuma

Mkoa wa Pwani umejipatia jina la mkoa wa viwanda, na anayepita Barabara ya Morogoro haoni sababu ya kubisha. Pale TAMCO, Kibaha, palipokuwa pakiunganishwa malori ya Scania enzi za mashirika ya umma, viwanda vingine vimeingia. Zegereni imetengwa kwa viwanda, Mlandizi chuma kinayeyushwa, na Kwala kuna bandari kavu iliyozinduliwa Julai 31, 2025, ikiwa imeunganishwa na reli ya kisasa. Ng'ambo ya vilima vya Pugu, Kisarawe nayo imetenga eneo lake Visegese. Viwanda vyote hivyo, viwe vya saruji, vya vifungashio au vya kuunganisha magari, haviwezi kuendeshwa bila mtu wa kuchomelea kilichovunjika na mtu wa kukereza kipuri kilichoisha. Wakati huohuo Serikali imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari, ulioanza Januari 2024, ambapo kijana husoma masomo ya jumla pamoja na fani, na hutarajiwa kutoka na cheti cha kidato cha nne na cheti cha ufundi. Ni uamuzi mzuri. Lakini mjadala wake umetekwa na majengo: karakana ngapi zimejengwa, ngapi zimepauliwa, nani kaweka jiwe la msingi. Hoja yangu ni kwamba mkondo huu ukifa, utakuwa umeuawa na ukosefu wa vitu vinavyoisha kila wiki, yaani vijiti vya kuchomelea, vipande vya chuma, umeme na fundi wa kusimama nyuma ya mwanafunzi. Kwa mambo hayo wilaya za Kibaha na Kisarawe zina nafasi ambayo wilaya nyingi hazina.

Tufanye hesabu, maana mambo haya huharibika kwa kusemwa kwa ujumla. Kijiti cha kuchomelea cha kawaida huungua kwa muda wa dakika moja na ushee. Chukua darasa la wanafunzi 40, na kila mmoja apewe vijiti 20 tu kwa wiki. Huyo atakuwa ameshika moto kwa chini ya nusu saa katika wiki nzima, muda ambao kijana wa gereji huumaliza kabla ya chai ya saa nne. Hata hivyo darasa litakuwa limetumia vijiti 800. Kwa wiki 36 za masomo ni vijiti 28,800, na kwa kuwa kijiti cha milimita 3.2 kina uzito wa takriban gramu 35, tunazungumzia karibu tani nzima ya vijiti kwa mwaka, kwa darasa moja, bila kugusa bei ya chuma chenyewe wala luku. Sasa tazama upande wa pili. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ndani yake humo vimo vitabu, chaki na karatasi za mitihani. Wanafunzi 40 wanaleta shilingi milioni moja. Hata ikitumika yote kwenye vijiti, ni shilingi elfu moja kwa kilo, na mwenye duka la vifaa pale Mlandizi au Kisarawe mjini akiambiwa bei hiyo atacheka. Kitakachotokea kinajulikana: mwalimu atachora ubaoni mchoro wa kijiti, aeleze pembe ya kukishika, kisha darasa zima litamtazama mwanafunzi mmoja akichomelea. Wenzake 39 watafaulu mtihani wa nadharia.

Haya tumeshayapitia. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na hasa katika miaka ya 1970, sekondari zetu ziligawanywa kwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga na Mtwara zilikuwa na mashine za kukerezea ambazo viwanda vingi vya leo vingezitamani. Mashine hizo hazikuondoka siku moja. Uchumi ulipobana, fedha za matumizi ndizo zilizokatwa kwanza, kwa sababu kukata vijiti na mafuta ya mashine hakuonekani haraka kama kufunga shule. Mashine ikikosa mkanda inasimama, ikisimama mwaka inashika kutu, na mwalimu aliyekuwa anaijua anahamia kwenye somo linalofundishika kwa chaki. Kenya nao walionja. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta useremala na ufundi chuma, wazazi wakachangishwa kujenga karakana, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya vitendo yalikuwa yamepunguzwa au kuondolewa kwenye mitihani.

Wapo watakaosema historia hiyo inathibitisha kwamba sekondari si mahali pa kufundishia ufundi kabisa. Pingamizi hili ni zito na lina utafiti nyuma yake. George Psacharopoulos na William Loxley, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1985 kwa niaba ya Benki ya Dunia, walilinganisha michepuo ya Kolombia na ya Tanzania. Hawakuona faida ya ajira au kipato iliyoweza kuhalalisha gharama kubwa zaidi ya kumsomesha mwanafunzi wa mchepuo wa ufundi kuliko wa elimu ya jumla. Sidhani ni busara kuupuuza utafiti huo kwa sababu tu umetoka Washington. Ila tukumbuke uliwapima vijana wa nchi ya namna gani. Wahitimu wa kidato cha nne walikuwa wachache, wengi wakiendelea na masomo au kupangiwa kazi na Serikali, na viwanda vyenyewe vilikuwa vikihangaika kupata vipuri na fedha za kigeni. Leo waliomaliza kidato cha nne ni wengi kuliko nafasi za mbele yao, na Kwala haipangiwi wafanyakazi na Wizara. Sehemu ya utafiti huo isiyozeeka ni ile ya gharama. Kila shule ikijitegemea kwa karakana yake, hesabu ile ya 1985 itarudi vilevile.

Ndiyo maana nashangaa kuona wilaya zetu zikifikiria karakana mpya kwa kila shule, ilhali zilizopo hazijajaa mchana kutwa. Kibaha ina chuo cha VETA cha mkoa. Ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho chini ya Shirika la Elimu Kibaha, lile lililoanza mwaka 1963 kama Kituo cha Nordic na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Kisarawe nayo ina Chuo chake cha Maendeleo ya Wananchi, miongoni mwa vile vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa mfano wa Sweden. Shule tatu au nne zikipangiana zamu katika karakana moja, mwalimu mmoja mwenye mkono atawafikia wanafunzi wote, vijiti vitanunuliwa kwa jumla, na mashine ya kukereza itazunguka kutwa badala ya saa mbili kwa wiki. Kwa Kibaha Mjini hilo linawezekana kwa daladala. Kisarawe ni jambo jingine. Makao makuu ya wilaya yamekaribia Gongo la Mboto kuliko yalivyokaribia vijiji vyake vyenyewe, na mwanafunzi wa Maneromango au Vikumburu hawezi kwenda na kurudi. Kwake zamu iwe ya majuma matatu au manne mfululizo, alale bwenini, arudi shuleni akiwa amekamilisha saa zake za vitendo. Bweni lina gharama, ndiyo. Ni gharama ndogo kuliko karakana tano zilizofungwa kwa kufuli.

Fedha ya vijiti itoke wapi? Ipo tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inayolipwa na waajiri wa sekta binafsi wenye wafanyakazi kuanzia 10, na ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ya tozo hiyo ilielekezwa VETA, na sehemu iliyobaki ikasaidia hata mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Waajiri wamelalamika kwamba wanalipia ujuzi wasiouona, na sioni wamekosea wapi. Kiwanda cha Zegereni kinalipa tozo, kisha kinatafuta mchomeleaji Dar es Salaam. Sehemu ya tozo inayokusanywa Kibaha na Kisarawe irudi kununua malighafi za karakana za Kibaha na Kisarawe, ikiwa na kasma yake kwenye bajeti ya halmashauri na isiyohamishika. Kisarawe ilionyesha kwa kampeni ya Tokomeza Zero kwamba wilaya inaweza kuchangisha watu kwa ajili ya elimu. Lakini kuchangia darasa ni rahisi, kwa kuwa darasa lina ukuta wa kubandika jina la mchangiaji. Paketi ya vijiti ikishaungua hakuna wa kupiga nayo picha, na hiyo ndiyo sababu haifai kuachiwa hisani.

Linabaki swali la usawa, nalo linauma zaidi: je, hatutawatenga watoto wa maskini tangu wakiwa na miaka 13, wao wakae na moto na wa wenye uwezo wakae na vitabu? Hatari hiyo ni ya kweli endapo mkondo wa amali utakuwa mahali pa kuwatupa waliopata alama ndogo. Kinga yake ni kuhakikisha kijana wa amali anafundishwa hisabati na fizikia barabara, ili mlango wa vyuo vya ufundi usifungwe. Na kwa kweli ukerezaji unazihitaji: asiyejua kusoma mchoro na kupima kwa kalipa hadi sehemu ya kumi ya milimita ataharibu chuma tu. Hapo ndipo mwanafunzi wa shule anapoweza kumzidi hata fundi hodari wa barabarani. Fundi huyo naye asidharauliwe. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, basi utumike kuwaleta mafundi wa Maili Moja na Mlandizi karakanani kama wakufunzi wasaidizi, wafundishe kwa Kiswahili wanachokifanyia kazi. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza, lakini kumwonya mtoto kwa Kiingereza kigumu wakati cheche zinaruka ni kuchezea macho yake.

Kundi la kwanza la mkondo huu litafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja waliomaliza darasa la sita na waliomaliza la saba, kwa mujibu wa sera mpya, na shule zitakuwa na wanafunzi wapya maradufu. Kabla ya hapo wilaya hizi mbili zina muda wa kufanya jambo moja dogo: kuwaomba wasimamizi wa karakana za viwanda vya Kwala na Visegese waje kuwapima wahitimu hao wa 2027 kwa kazi ya mkono, kuunga bomba moja na kukereza ekseli moja, na matokeo yabandikwe pale yanapobandikwa ya Baraza la Mitihani.