Utafiti wa Lugha Usiishie Kabatini

Kijiji cha Engaresero kiko kusini mwa Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, wilayani Ngorongoro. Walimwengu wanakijua kwa nyayo. Katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe zimehifadhika nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale, na mwaka 2016 wataalamu walitangaza kuwa umri wake ni kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Aliyeziona kwanza alikuwa mwenyeji wa hapo hapo. Baadaye zikaja fedha na vyombo vya kupimia, na nyayo zikapimwa moja moja.

Hatuna kinyongo na kazi hiyo, maana ni sifa kwa nchi yetu. Lakini zipo hatua nyingine kijijini humo ambazo hazijapata wapimaji wengi kiasi hicho, nazo ni za mtoto wa Kimaasai anayeingia shule kwa mara ya kwanza. Mtoto huyu amelelewa kwa Kimaasai. Jina la kijiji chake lenyewe limebeba neno enkare, yaani maji. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine anaandika ubaoni “maji”. Mtoto anaitikia pamoja na wenzake, ananakili, anapewa vema. Je, ameelewa? Akijaliwa kufika kidato cha kwanza anabadilishiwa tena, na hesabu, jiografia na sayansi zote zinamjia kwa Kiingereza.

Adha hii sisi tunaijua. Utotoni tulikaa katika chuo cha Korani, tukahifadhi juzuu ya Amma kwa sauti nzuri, herufi tunazo, maana hatuna. Hata hivyo maalimu wetu, mzee ambaye hakusoma darasa hata moja la serikali, alipotaka tujue udhu ni nini na sala ina nguzo gani, hakutueleza kwa Kiarabu. Alitueleza kwa Kiswahili, lugha tuliyotoka nayo nyumbani. Kiarabu kilibaki na heshima yake, nasi tukaelewa. Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha ripoti ya wataalamu yenye shauri hilo hilo, kwamba lugha bora ya kumfunzia mtoto ni lugha ya mama yake.

Kwa hiyo si kweli kwamba utafiti haupo. Upo, tena wa miaka mingi. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Ndugu Jackson Makweta, ilitoa taarifa yake mwaka 1982 na kushauri Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Shauri hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima wanafunzi wetu, wakaona kuwa Kiingereza chao ni dhaifu mno, hata hakiwezi kubeba masomo. Yakafuata nini? Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kuimarisha Kiingereza kwa fedha za Uingereza, na vitabu vya hadithi vya Kiingereza vikagawiwa mashuleni. Vitabu si vibaya. Lakini mtu aliyepimwa akaonekana hawezi kubeba mzigo, tiba yake haikupaswa kuwa kumtafutia kamba nzuri zaidi ya kuufungia.

Tangu mwaka 2002, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norwei na Afrika Kusini walilichunguza tena jambo hilo kwa fedha za Norwei, wakaona kuwa wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi. Kwa fedha za Swideni chuo hicho hicho kilifanya mradi wa Lugha za Tanzania, ukatoa atlasi mwaka 2009. Hadi leo lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza.

Hatuwalaumu wafadhili. Mwenye fedha hununua anachokitaka. Lawama inatuangukia sisi makada, ambao kwa miaka mingi tumepiga makofi Kiswahili kiliposifiwa jukwaani, na katika vikao vya bajeti hatukuuliza kimetengewa kiasi gani. Wasomi nao wana lao: huandika kwa Kiingereza, taarifa zikalala makabatini, na mzazi wa Engaresero aliyeulizwa maswali mchana kutwa hasikii tena habari yake.

Wapo ndugu watakaoshtuka kwamba tunafungua mlango wa ukabila. Hofu yao ni ya haki. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na hatuko tayari kukiona kinapunguziwa heshima hata chembe. Lakini mtoto anayekariri Kiswahili bila kukielewa hajaunganishwa na yeyote. Akielezwa kwanza kwa Kimaasai kwamba enkare ndiyo maji, atakuwa amekishika Kiswahili wala hatakiacha.

Tunachokitaka si kikubwa. Halmashauri ya Ngorongoro itenge fungu la wasaidizi wa walimu wa elimu ya awali na darasa la kwanza, vijana wa vijiji hivyo hivyo wanaojua lugha zote mbili, pamoja na kijitabu cha Kimaasai na Kiswahili. Karatu ifanye vivyo hivyo kando ya Ziwa Eyasi, ambako mtoto wa Kihadzabe, wa Kidatoga na wa Kiiraqw hukutana, kila mmoja na lugha yake isiyofanana hata kidogo na Kiswahili. Na kila mtafiti anayepewa kibali asiruhusiwe kuondoka kabla ya kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kueleza, kwa Kiswahili, alichokiona. Kimaasai chake kitapata mkalimani papo hapo.

Bajeti za wilaya huandaliwa kila mwaka. Ijayo tutaisoma fungu kwa fungu.