Kijerumani cha kuagizia kahawa

Watu wakisikia kwamba nilisoma Kijerumani chuoni huwa na maswali mawili tu. La kwanza: "Unaondoka lini?" La pili linatoka kwa wale wanaojiona wamekombolewa kifikra kuliko sisi wengine: "Lugha ya wakoloni ya nini?" Leo nawajibu wote, halafu nawageukia wale ambao ndio hasa wamenifanya niandike, yaani wenye vyuo.

Muhula wa kwanza tulijaa hadi wengine wakasimama dirishani. Lilikuwa somo la hiari, na kila mtu alikuwa ameambiwa na mtu kwamba ni mteremko. Guten Tag, naitwa fulani, natoka Tanzania, nina kaka wawili. Unapanda daladala unahesabu abiria kwa Kijerumani, unajiona mtu. Muhula wa pili tukarudi robo ya darasa. Msiniambie wenzetu walikuwa wavivu, maana wengine walikuwa wanafaulu masomo magumu kuliko hilo. Muhula wa pili ndipo lugha ile inapovua koti. Der inageuka den, den inageuka dem, mwanafunzi anauliza kwa nini hapa ni dem na si den, na jibu linakuja kwa Kiingereza.

Hapo ndipo ugomvi wangu wa kwanza unapoanzia.

Mwalimu wetu ni Mtanzania, mwenye Kiswahili kitamu kuliko changu. Lakini sheria ya chuo ni Kiingereza, madesa ni ya Kiingereza, kitabu kina maelezo ya Kiingereza. Kwa hiyo tulikuwa tunafundishwa mambo ya Kijerumani kwa lugha ambayo ilishayatupa mambo hayo karne nyingi zilizopita, ilhali lugha yetu wenyewe inayo! Chukua sentensi "nampa mtoto kitabu". Ile -m- iliyo ndani ya "nampa" inamwakilisha nani? Ni mtoto, yule anayepokea, wala si kitabu. Mjerumani anasema Ich gebe dem Kind das Buch, na hiyo dem Kind ndiyo -m- yetu imetoka nje ya kitenzi ikasimama peke yake. Dakika mbili tu, mtu kaelewa. Sisi tulitumia wiki tatu.

Tulipewa pia orodha ya vitenzi vya kukariri ambavyo "vinataka dem". Cha kwanza helfen. Basi kiseme kwa Kiswahili: saidia. Tazama mkia wake, ni -ia, ule ule wa andikia, pikia na nunulia, mkia wa kumtendea mtu. Cha pili gefallen. Es gefällt mir tukaambiwa maana yake kwa Kiingereza, na darasa zima likabaki linajiuliza kwa nini "mimi" amekuwa mir badala ya ich. Mswahili anasema "inanipendeza". Ni sentensi ile ile! Kitu ndicho kinachotenda, mimi napendezwa. Bibi yangu ambaye hajawahi kukanyaga darasa angeielewa.

Na jinsia zao? Darasa linatishwa na der, die, das kama vile ni jini. Jamani, sisi tuna ngeli nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja na tumezibeba tangu utotoni. Tumezoea kwamba nomino ina ukoo wake na kila kinachoifuata kinavaa sare. Tofauti ni kwamba Kiswahili huonyesha sare usoni, kitabu, vitabu, wakati Mjerumani mara nyingi kaificha. Wote hucheka wakiambiwa msichana, das Mädchen, kisarufi si wa kike. Lakini ile -chen ni alama ya udogo, na alama ya udogo hunyakua ngeli. Sisi tunasema "kitoto hiki kizuri", hatusemi "kitoto huyu mzuri", ingawa sote tunajua ni binadamu. Sisemi kila kitu kinalingana. Kwetu "niko shuleni" na "naenda shuleni" ni shuleni ile ile, ilhali mwenzetu anabadilisha, in der Schule akiwa ndani, in die Schule akiwa anakwenda. Hapo jasho lazima likutoke. Lakini litoke hapo, lisitoke pale ambapo mlango ulikuwa wazi toka mwanzo.

Sasa kitabu chenyewe. Kilitungwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameshafika Ujerumani. Sura ya kununua tiketi ya treni. Sura ya kutafuta nyumba ya kupanga. Sura ya kutenganisha takataka, plastiki huku, karatasi kule. Na kahawa! Sijawahi kuona watu wanaoagiza kahawa kama wale waliomo kwenye kile kitabu. Mwisho wa muhula wa pili nilikuwa naweza kuagiza kahawa kwa heshima zote, nikailipia, nikalalamika kwamba imepoa. Kozi ikaishia hapo. Nilikwenda ofisini kuulizia muhula wa tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Muhula wa tatu haupo, kijana. Hakuna wanafunzi wa kutosha."

"Lakini tupo kumi na moja."

"Ukitaka kuendelea katafute huko nje, ulipie."

Mnaona mantiki hiyo? Unawakimbiza wanafunzi kwa ufundishaji wako, halafu unawataja kwa kuwa wamekimbia.

Nirudi kwa wanaouliza naondoka lini. Siondoki, lakini sina neno na anayeondoka. Ujerumani ililegeza sheria yake ya kuingiza wafanyakazi wenye ujuzi mwaka 2020, majirani zetu Wakenya wakatia saini makubaliano nayo mwaka 2024, na muuguzi anayekesha na kitabu mpaka afike B1 au B2 anastahili kila senti atakayolipwa. Huyo anasoma kwa lengo lake na kuna mahali pa kusomea. Swali langu ni kwa chuo: je, kazi ya chuo ni kuandaa abiria tu?

Na wewe unayesema lugha ya wakoloni, hilo neno "shule" umelitoa wapi? Na "hela" ya kulipia hiyo shule? Ni Schule na Heller, ile senti iliyoletwa na Wajerumani mwaka 1904 rupia yao ilipogawanywa mara mia. Lakini hayo ni madogo. Hebu tazama wakoloni wenyewe walifanya nini. Mwaka 1887, hata koloni halijakaa sawa, walikuwa wameshafungua chuo cha lugha Berlin, na Kiswahili kikifundishwa humo. Mwaka 1890 Büttner akatoa kamusi. Velten akakusanya maandishi ya waungwana wa pwani, na mwaka 1903 ikachapishwa Desturi za Wasuaheli, ambayo sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Mtoro mwenyewe alikuwa tayari Berlin tangu mwaka 1900 akiwafundisha. Mtu anayetaka kukutawala alijihangaisha kujua unasema nini. Wewe unayetaka kudai chako hutaki kujua yeye aliandika nini. Ukombozi gani huo?

Maana aliandika, na aliandika sana. Hapa hapa Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, kuna majalada ya serikali ya Kijerumani ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997. Ardhi ya nani ilichukuliwa, kodi ya nani, nani alichapwa viboko. Von Götzen, gavana wa wakati wa Maji Maji, alichapisha kitabu kizima kuhusu vita hiyo mwaka 1909 akijieleza kwa upande wake. Ni vita ya 1905 hadi 1907 ambayo hesabu ya Wajerumani wenyewe iliweka vifo 75,000 na wanahistoria wengine wakapandisha hadi 250,000 na zaidi. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna umati wa babu na bibi zetu. Nani kati yetu anaweza kukaa na karatasi hizo akazihoji bila kumsubiri mtafiti wa kigeni aje atusomee? Tena nyingi zimeandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wao wa zamani ambao hata kijana wa Berlin wa leo unamtoa kamasi. Kwa hiyo hata mihula minne isingetosha. Sisi tumepewa miwili.

Nije kwa taaluma yangu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, akamtaja Chifu Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye fuvu lake bado linatafutwa. Siku kubwa. Magazeti yetu tuliandika nini? Tulitafsiri kutoka Kiingereza kile ambacho mashirika ya kigeni yalikuwa yametafsiri kutoka Kijerumani. Neno lilikuwa Verzeihung. Muhula wa kwanza tuliambiwa Verzeihung na Entschuldigung ni maneno ya kusema ukimkanyaga mtu kwenye basi. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya Entschuldigung kuna Schuld, hatia, na kwamba Schulden, wingi wake, ni madeni. Wenyewe wanajua uzito wa kila neno. Namibia mwaka 2021 walikubali kutoa euro bilioni 1.1 kwa miaka 30 na wakawa waangalifu mno wasiziite fidia. Mwandishi asiyesikia tofauti hiyo atauliza swali gani kwenye mkutano na waandishi? Ataomba picha.

Na mambo hayajaisha. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, na likaja mwaka 1954. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi mwaka 1900 na watu wake wanatafuta kichwa chake mpaka leo. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka huku. Mifupa ya mijusi wakubwa ya Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa vichwani na wapagazi hadi pwani, imesimama kwenye ukumbi Berlin. Kila moja ya habari hizi ina barua, orodha, risiti na namba ya sanduku. Kwa lugha gani? Mnajua.

Ninachotaka si kikubwa. Mwanafunzi wa historia, sheria au uandishi apewe miaka miwili ya Kijerumani cha kusoma, kifundishwe kwa Kiswahili, na muhula wa pili usiwe wa kahawa, uwe wa risiti ya kodi ya kichwa ya Kilwa na taarifa ya bwana shauri kutoka Iringa. Dem na den watazikuta humo humo, tena zitakuwa na jina la mtu wanayemjua. Nitaambiwa hakuna fedha. Mbona fedha ya kuwaalika wataalamu kutoka nje waje kutueleza historia yetu huwa inapatikana? Nitaambiwa hakuna walimu. Wetu yupo, nimekaa mbele yake mihula miwili, na siku tulipomwomba kando ya darasa atueleze kwa Kiswahili alitueleza sura nzima kabla adhana ya magharibi haijalia. Chumba kile saa kumi jioni kinakaa tupu. Nimepita juzi, nikachungulia.