Steki ya Karatu: tunalipia nini hasa?

Wadau, hoteli za watalii huku Karatu zinauza steki moja kwa bei ya kilo kadhaa za nyama choma. Na ng'ombe huenda ni yuleyule, katoka Mbulumbulu kwa Wairaqw.

Wizi? Si wote. Sarara ni kipande kidogo mno kwa ng'ombe mzima, na nyama iliyotundikwa kwenye baridi wiki mbili inalainika kweli. Ile ya mnadani, iliyochinjwa asubuhi, unapigana nayo (tamu lakini!). Kwa hiyo muulize mhudumu imetundikwa siku ngapi. Akibabaika, ujue unalipia mshumaa na kitambaa cheupe.

Kinachoniudhi ni mfugaji. Dalali humkadiria ng'ombe wake kwa macho, na hiyo steki laini haimwongezei hata senti.