Vijana Wafundishwe Kujenga, Si Kutumia Tu

Hapana shaka kwamba shughuli nyingi za wananchi wa Visiwa vyetu sasa zimehamia katika simu na kompyuta. Mtu hukata tiketi ya boti, huomba nafasi ya chuo na hupeleka fedha kwa jamaa zake pasipo kupanga foleni mbele ya dirisha. Hayo ni maendeleo, nasi tunayapongeza. Lakini nyuma ya kila ukurasa anaoubonyeza mwananchi pana kazi ya mikono na akili ya mtu fulani. Swali tunalopenda kuliweka mbele ya viongozi wetu ni hili: mtu huyo ni nani, na ukurasa ukiharibika baada ya yeye kwenda zake, nani atautengeneza?

Kurasa za siku hizi si kama zile za mwanzo. Kituo cha utafiti cha CERN, chenye makao yake Uswisi, kilipoutoa ufundi wa tovuti kwa watu wote bila malipo mwaka 1993, ukurasa ulikuwa kama gazeti: unausoma, basi. JavaScript, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1995, ndiyo iliyouwezesha ukurasa kumjibu msomaji papo hapo. Lakini kadiri kurasa zilivyokua, ndivyo maandishi ya programu zake yalivyozidi kutatana mfano wa nyavu. Ukivuta uzi huku, kunakazana kule.

Ndipo wataalamu walipobuni viunzi vya kujengea programu kwa vipande. React ilitolewa na kampuni ya Facebook mwaka 2013. Vue ikatolewa na Evan You mwaka 2014. Na Svelte ya Rich Harris ikafuata mwaka 2016. Mwenye kutaka kufahamu namna viunzi hivi vinavyofanya kazi na atazame paa la makuti. Kila kuti hushonwa peke yake, kwa namna ile ile, kisha makuti hupangwa na kufungwa juu ya fito. Likioza moja, hutolewa hilo likatiwa jingine, na nyumba haivuliwi paa. Kadhalika, mjenzi wa programu hutengeneza kitufe, fomu au orodha mara moja, akaitumia mahali pengi. Kila kipande hutunza habari zake chenyewe. Katika ukurasa wa tiketi za boti ya Mkoani, abiria akiongeza mtoto katika safari yake, hesabu ya nauli hubadilika pale pale, na ukurasa uliobaki hautikisiki wala hauletwi upya.

Jambo la kutia moyo ni kwamba viunzi vyote vitatu hutolewa bure, na sheria zake zinamruhusu mtu yeyote kuvitumia, kuvichungua na kuvirekebisha. Katika hili kijana wa Micheweni ana haki sawa na kijana wa California. Anachokikosa si ruhusa. Anakosa kompyuta, intaneti ya uhakika, mwalimu, na zaidi ya yote masomo yaliyoandikwa kwa lugha anayoifahamu vyema.

Hata hivyo, tunapenda kutoa tahadhari. Pana mtindo wa kumfundisha mwanafunzi kiunzi kimoja kwa majuma machache, akanakili mifano, kisha akaitwa mtaalamu. Huko ni kuezeka nyumba isiyo na nguzo. Yaliyoipata AngularJS yawe somo kwetu. Kiunzi hicho cha kampuni ya Google kilitolewa mwaka 2010, kikapendwa mno. Mwaka 2016 kampuni ikatoa kingine kilichoandikwa upya, na ilipofika Januari 2022 matunzo ya kile cha kwanza yakakoma rasmi. Aliyejua kiunzi peke yake alibaki na elimu iliyopitwa na wakati. Aliyeijua JavaScript yenyewe alihama na ujuzi wake.

Lipo na suala la uzito. Kiunzi nacho ni mzigo unaosafirishwa hadi kwenye simu ya msomaji kabla ukurasa haujaanza kumjibu. Mjenzi aliyekaa mjini, mwenye simu ya bei na intaneti ya kasi, hauhisi mzigo huo. Mvuvi wa Makoongwe mwenye simu dhaifu na kifurushi kidogo anauhisi na kuulipia. Kijana aliyezaliwa huko hahitaji kuambiwa jambo hilo, na ndiyo sababu mojawapo ya kutaka yeye ndiye awe mjenzi. Atajua pia kwamba tangazo la kusoma tu halihitaji kiunzi chochote.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu, kuanzia Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hadi vyuo vya amali, viwafundishe wanafunzi misingi kwanza, yaani HTML, CSS na JavaScript, na viunzi vifuate baadaye. Pili, kila Wizara inapoagiza programu kutoka nje, mkataba uitake kampuni ikabidhi maandishi yote ya programu hiyo, na vijana wetu wafanye kazi pamoja na wageni tangu siku ya kwanza. Kumkabidhi kijana kipande kimoja akijenge na kukitunza ni jambo linalowezekana, kwa kuwa kazi yenyewe imegawanyika katika vipande. Tatu, Baraza la Kiswahili la Zanzibar likae na walimu wa kompyuta, wakubaliane istilahi, na masomo yaandikwe kwa Kiswahili.

Tunajua watakaosema kwamba ni rahisi zaidi kununua kitu kilicho tayari. Ni rahisi siku ya kununua. Siku ya kukarabati, mwenye ufunguo ndiye atakayetaja bei, nasi hatutakuwa na la kusema. Wazee wetu walituachia usemi kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Bajeti zinapoandaliwa, maofisa wanaohusika na waukumbuke usemi huo, na fungu la kuwafundisha wajenzi lisiwe la mwisho kuandikwa wala la kwanza kukatwa.