Mtoto anaposema anataka kurusha ndege ya jeshi



Mtoto wa miaka saba akisema atarusha ndege, tunacheka na kumwongezea bukari. Akiwa na miaka kumi na saba na kusema tena, na mara hii anasema ndege ya jeshi, hakuna anayecheka. Tangu Rais Félix Tshisekedi alipowaita vijana waingie jeshini, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2022, maneno haya yamefika katika nyumba nyingi za Lubumbashi, toka Katuba mpaka Ruashi. Wamama watatu wa kikundi chetu wametuuliza neno moja: kwa kijana anayetaka kuingia Jeshi la Anga, kitu gani ni cha maana kupita vyote?

Wengi wanajibu haraka: kumjua mkubwa fulani. Sisi tulifungua Katiba ya 2006. Kifungu cha 189 kinasema kwamba katika jeshi letu, kwa ngazi zote, waangalie mwili unaofaa, masomo ya kutosha, na tabia iliyokwisha kujaribiwa, tena kila jimbo lipate sehemu yake kwa haki. Feza haikuandikwa mle. Shangazi wa Kinshasa naye hakuandikwa. Tunaishi Kongo, tunajua vile mambo yanavyokwenda, lakini ni vizuri mama ajue maneno hayo siku komisioneri atakapofika mlangoni akiomba dola ili aingize jina la mtoto katika liste. Huyo ni mwizi, hata akivaa suti. Uza tomati zako, lakini usiuze kiwanja juu yake.

Tuanze na mwili, kwa sababu ndipo wengi wanaanguka, na ndipo mama ana kazi toka siku za kwanza. Macho: munganga wa marubani haangalii tu kama mtoto anasoma herufi za mbali. Anaangalia kama anatofautisha rangi. Redio ya ndege ikikufa, mnara wa uwanja unasema na rubani kwa taa nyekundu na kijani, na asiyetofautisha hizo mbili ni hatari kwake na kwa wengine. Ugonjwa huo wa rangi unashika wavulana kupita wasichana, na kwa kawaida unapitia damu ya mama ingawa mama mwenyewe anaona vizuri. Kijana anaweza kufika miaka ishirini bila kujua kama anao. Kipimo chake ni rahisi, ni kitabu cha madoadoa ya rangi, na waganga wa macho wanacho.

Masikio pia. Hapa tutasema kwa nguvu kidogo. Kinini ikizidi kipimo inavuma masikioni na inaweza kuharibu usikivu. Sindano ya jentamisini ni vile vile. Na ni wangapi kati yetu, mtoto akipata homa usiku, tunakwenda kwa famasi ya pembeni na kuomba sindano bila karatasi ya munganga? Kijana anayetaka kusikia redio katikati ya kelele za mota anahitaji masikio ambayo hayakuchezewa.

Halafu SS. Kila kartie ya Lubumbashi inamjua mtoto wa SS. Kwake yeye ndege ya jeshi si njia, juu pale hewa ni nyepesi na damu yake itamtesa. Kwa wenye AS, yaani wanaobeba nusu tu na hawaumwi, mambo yamebadilika: chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kiliwakataza mpaka 1981, kisha kikafungua mlango. Kila jeshi lina sheria yake. Basi apimwe damu mapema, ile wanaita elektroforezi, asiende kusikia habari hiyo mara ya kwanza mbele ya waganga wa jeshi na wenzake wakimwangalia. Kipimo hicho kitamsaidia hata siku ya kuoa.

Masomo ya kutosha ni nini? Mwisho wa darasa la nane watoto wanafanya TENASOSP, na pale ndipo njia zinaachana. Mvulana anatumwa hesabu na fizika, dada yake anatumwa kushona, hata kama ndiye aliyekuwa anamfundisha kaka hesabu za nyumbani. Kurusha ndege ni hesabu. Uwanja wetu wa Luano uko juu kupita mita 1,300 toka usawa wa bahari. Mwezi wa kumi, jua likiwaka kabla ya mvua, hewa inakuwa nyepesi zaidi, mabawa yanapata nguvu kidogo, na ndege iliyobeba mzigo inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Rubani anapiga hesabu hiyo kabla ya kuwasha mota: uzito, mafuta, upepo, urefu wa njia. Diploma ya Leta iliyopatikana kwa kununua majibu haitamwinua toka chini. Aongeze na Kiingereza. Kifaransa kinatosha kwa hapa, lakini tangu 2008 marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wanapimwa Kiingereza kwa kanuni ya dunia nzima, na vitabu vingi vya ndege viko katika lugha hiyo.

Na kama mnasema hiyo si kazi ya wasichana, vukeni Kasumbalesa. Thokozile Muwamba alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copperbelt, pale Kitwe, alipoingia Jeshi la Anga la Zambia. Akawa mwanamke wa kwanza wa nchi ile kurusha ndege ya vita, na mwaka 2017 habari zake zilizunguka Afrika nzima. Kitwe si mbali. Wengi wetu tumekwenda huko kununua unga.

Wazee wetu hawakuwa na nafasi hiyo hata kwa wavulana. Wabeleji walijenga beze kubwa ya Kamina na kufundisha hapo marubani wao kwa ndege za Harvard, lakini mpaka 1960 hapakuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja katika Force Publique. Na ile Fouga ya Katanga ambayo baba zetu wanaisimulia mpaka leo, iliyotisha askari wa Umoja wa Mataifa mwaka 1961, ilirushwa na wageni wa kulipwa.

Tabia iliyojaribiwa hatutaifafanua sana. Kijana wa lutuku anajulikana. Tunaongeza moja tu: rubani lazima akubali kusema “nimekosa” mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Mtoto anayepigwa kila anaposema ukweli anajifunza kuficha, na ndani ya ndege kuficha kunaua.

Tufike sasa kwa lile wamama wanaloogopa kutaja. Hii si kazi ya kuvaa miwani mizuri. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2023, ndege ya Sukhoi ya nchi yetu ilipigwa kombora juu ya Goma. Ilitua, lakini moto ulionekana na dunia nzima. Kijana akivaa kombati, atatumwa pale anapotumwa. Hatapiga kura tena, sheria ya uchaguzi inawazuia askari na polisi. Akikosa, atahukumiwa na mahakama ya jeshi, na toka mwezi wa tatu 2024 Serikali imeondoa zuio lililokuwa linasimamisha adhabu ya kifo. Mama aseme naye haya yote wazi, wakiwa wawili, bila wajomba na majirani.

Kwa hiyo, mkituuliza kitu cha maana kupita vyote, sisi tunasema ni jibu lake pale unapomuuliza: unataka ndege, au unataka jeshi? Anayetaka ndege tu ana njia za kiraia, na za ufundi wa mota, na za mnara. Anayetaka jeshi lakini macho yake yamekataa, Jeshi la Anga lina mafundi, watu wa redio, waongozaji wa ndege. Anayetaka kazi yoyote ile juu ya njaa, tumsaidie kwanza kutafuta kazi. Asiyejua, angoje. Hakuna haraka: chini ya miaka 18 hawezi kuandikishwa kabisa, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inakataza, na mtu akikuambia ongeza miaka kwenye karatasi, mfukuze.

Karatasi zenyewe ndizo zinatusumbua hapa kupita macho na hesabu. Mtoto anapaswa kuandikwa komini ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Zikipita, ni lazima hukumu ya mahakama. Waliozaliwa upande wa Ndola au Kitwe na wakapewa karatasi za kule wajue kwamba uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauchanganywi na mwingine. Tena angalieni majina: Ilunga kwenye cheti cha kuzaliwa na Ilunga Jean kwenye diploma, kwa mwenye kupokea dosie ni watu wawili.

Wamama wenye watoto wasio na cheti, au wenye majina yasiyolingana, waandikishe majina kwa mama mwandishi wetu kabla ya siku ya tatu. Siku ya nne asubuhi tutakwenda komini pamoja. Leteni karatasi ya lopitali ya uzazi kama bado iko, na kadi ya chanjo.