Mkunga Apewe Imani na Nyenzo

Wako waja wazito katika visiwa vyetu ambao, wakipata nauli, hukipita kituo cha afya cha kijijini kwao na kwenda mjini kujipanga katika hospitali kubwa, ati kwa kuwa huko ndiko aliko daktari. Wako na wengine ambao hubaki nyumbani, wakajifungulia mikononi mwa mkunga wa jadi. Baina ya makundi hayo mawili yuko mtu ambaye hatumtazami inavyostahili, naye ni mkunga aliyesomea kazi hiyo. Sisi tunaamini kwamba kwa mwanamke mwenye afya njema, ambaye mimba yake haina dalili ya hatari, mkunga huyo ndiye wa kuchaguliwa kwanza.

Hatusemi hivyo kwa kubahatisha. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2024, yaliyokusanya tafiti 17 na wanawake zaidi ya 18,000, yalionyesha kwamba wanawake waliohudumiwa na wakunga wale wale tangu mimba hadi kujifungua walipasuliwa mara chache zaidi kuliko waliofuata taratibu nyingine. Ni kweli kwamba tafiti hizo zilifanywa katika nchi zenye uwezo kuliko yetu, zikiwamo Uingereza na Australia. Lakini hiyo si hoja ya kumdharau mkunga. Ni hoja ya kumpa nyenzo walizo nazo wenzake wa huko.

Kazi ya mkunga si kumpokea mtoto tu. Ndiye apimaye presha, damu na mkojo, na kusikiliza moyo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mja mzito aonane na mhudumu wa afya si chini ya mara nane, na katika safari hizo mkunga humjua mama na mwenendo wa mimba yake. Uchungu ukianza, huandika katika chati jinsi unavyoendelea, ili kuchelewa kujulikane mapema. Mtoto akishazaliwa, humpiga mama sindano ya oksitosini kuzuia damu isitoke kupita kiasi. Na kutokwa na damu ndiko kunakoongoza duniani kwa kuua wazazi.

Lakini si kila mimba ni ya kuzalishwa kituoni. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha, kisukari au upungufu mkubwa wa damu, au ambaye mtoto wake amelala vibaya tumboni, anahitaji daktari na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Aidha, mimba iliyo salama leo yaweza kubadilika kesho. Dalili ya mvua ni mawingu: kuumwa sana na kichwa, macho kuona kiwi, uso kuvimba, kutokwa na damu, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza, yote hayo ni mambo ya kukimbilia kituoni bila ya kungoja asubuhi. Mkunga mwema ni yule ajuaye pia wakati wa kumkabidhi mgonjwa kwa daktari.

Kwa mkunga wa jadi tuna heshima kubwa, kwani wengi wetu tulipokewa na mikono yake. Hata hivyo, hana sindano ya kuzuia damu wala kifaa cha kumsaidia mtoto asiyevuta pumzi. Nafasi yake sasa ni kumsindikiza mzazi kituoni na kukaa naye, na wakuu wa vituo wasimfungie mlango, kwani mzazi mwenye mtu wake karibu huwa na moyo.

Sasa tuwageukie wenye mamlaka. Kumwambia mwanamke achague mkunga ilhali kituo kimefungwa usiku ni kumfanyia mzaha. Mzazi wa Tumbatu au Kojani ana bahari mbele yake kabla ya kuifikia hospitali, na bahari haiulizi kama uchungu umefika. Kila kituo kinachozalisha lazima kiwe na mkunga wa zamu usiku na mchana na nyumba ya kumweka karibu. Lazima pia kiwe na chombo cha kuvukia au gari lenye mafuta, pamoja na friji isiyozima, kwa kuwa dawa ya oksitosini hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikipata joto hupoteza nguvu.

Mambo haya yanawezekana. Utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2009 na 2010 katika vituo 24 uliwaunganisha waja wazito na wahudumu wao kwa simu ya mkononi. Waliounganishwa walijifungua mbele ya mhudumu aliyesomea kwa asilimia 60, hali wenzao walikuwa asilimia 47. Mama akijua kwamba yuko mtu atakayemwitikia, huja.

Na wakunga nao wakumbuke kwamba neno kali kwa mzazi aliye katika uchungu husikika kijiji kizima, na humrudisha nyumbani mwengine ambaye hata hawajamwona. Heshima wanayoidai ianzie kwao.

Waume na mama wakwe, ambao mara nyingi ndio waamuzi, tunawaomba wampeleke mja mzito kwa mkunga tangu miezi ya mwanzo, si siku ya uchungu. Na Wizara ya Afya tunaiomba iwatangazie wananchi ni vituo vipi, Unguja na Pemba, ambavyo usiku huu vina mkunga wa zamu. Visivyokuwa naye ndivyo vya kuanzia kazi.